Kamba Wameshiba

Baba Mapacha,

Chai iko kwenye chupa. Mapacha wasitoke bila kunawa uso. Mimi nimekwenda sokoni kutafuta kitunguu saumu kingine, na sababu unaijua!

Asubuhi nimelivuta lile sinia la chakula cha kamba wetu bwawani, nikakuta chakula kimejaa vilevile, hakijaguswa. Mwaka jana kamba walianza hivyohivyo kususa, tukapoteza bwawa zima. Nikakaa kwenye matope na sketi yangu ya kutokea, nikasema basi, una haki ya kunicheka kwamba nawapikia kamba mchuzi wa majani ya mpera na kitunguu saumu badala ya kuwatafutia dawa.

Nikarudi ndani kukuamsha tulie wote. Kuinama tu, mto wako unanuka kitunguu saumu! Kwenda jikoni, sufuria yangu ya bluu ya mchuzi imekombwa. Kumbe umenitangulia, umewachanganyia chakula na mchuzi wangu, umewalisha kabla sijaamka, ukarudi kitandani kimya kama paka aliyeiba nyama. Nimekimbia tena bwawani na wavu: matumbo yamejaa, wanaruka kama bisi kikaangoni. Hawaumwi, wameshiba!

Nilitaka kukumwagia maji ya baridi. Nimekufunika shuka.

~~Usiguse sufuria ya bluu.~~ Sufuria ya bluu sasa ni yetu sote. Ponda majani ya jioni kabla sijarudi, na usiyaonee huruma.

Na siku nyingine ukiniamini, niamshe uniambie.

Mama Mapacha