Wanataka Nimfute Mwita

Baba Ghati,

Usiucheke mwandiko. Unapanda na kushuka kama njia ya mbuzi, lakini ni wangu mwenyewe. Ulipokuwa vitani Uganda barua zako zilikuwa zinasomwa na mwalimu mbele ya watu, na wewe bila haya unaandika habari za kiuno changu. Mwalimu alipofika hapo akakohoa. Kesho yake nikajiandikisha ngumbaru, darasa la watu wazima. Kwa hiyo kusoma nimejua kwa sababu ya ujinga wako, na leo nimeweza kukuandikia, wewe ndiye huwezi kujibu.

Huku kumeharibika. Kile kilima ulichokuwa unachungia ng'ombe kimetobolewa chote. Dhahabu imeonekana upande wa juu hapa Nyakunguru na watu wamekuja kutoka kila mahali, hata kutoka ng'ambo ya Sirari alikoolewa binti yetu Ghati. Karasha zinasaga mawe kutwa, vumbi linaingia mpaka kwenye kibuyu cha maziwa. Vijana hawataki jembe. Akipata punje leo, kesho ana pikipiki, keshokutwa ameiuza na viatu pia. Ungekuwepo ungewapigisha kwata wote.

Sikukumbuki ukiwa mgonjwa, ajabu. Nakukumbuka unakunja blanketi kijeshi, kona kwa kona, unanigombeza eti mimi nakunja kama nafunga kuni. Nakukumbuka nikitoka mtoni na ndoo kichwani, unaniita kwa sauti ya lindo: "Nani huyo, jitambulishe." Najibu, "Mwenye nyumba." Unasema, "Pita, mwenye nyumba." Nacheka mpaka maji yananilowesha mgongo. Hata na kile kipande cha bomu mguuni, zeze letu la litungu likilia ulikuwa unaruka na mguu mmoja na kuwashinda wenye miwili.

Sasa nisikilize. Ile haki yako ya jeshi, fidia ya mguu na malipo ya mjane, bado haijatoka. Nilikwenda ofisini Musoma. Kijana wa pale ni mtu wa mikoa ya mbali, mpole, shikamoo yake nzuri. Akaniuliza naishi na nani. Nikamwambia naishi na Robi, mke wa mtoto wetu Mwita, na wajukuu wawili, Chacha na Bhoke. Akaandika. Mwita anafanya kazi gani? Nikasema hafanyi. Anaishi wapi? Nikasema haishi popote, hakuzaliwa.

Akaweka kalamu chini. "Bibi, hakuzaliwa, halafu ana mke na watoto wawili?"

Nikamweleza taratibu. Mimi nilizaa Ghati, tumbo likafunga. Kwetu mama ambaye hakupata mtoto wa kiume anatoa ng'ombe, analeta msichana awe mke wa yule mtoto ambaye hakuja. Watakaozaliwa ni wa mtoto huyo, ni wa boma. Tunaita nyumba ntobhu, na hata bibi yangu alifanya. Akasema, "Sawa bibi, lakini baba yao wa kweli ni nani?" Nikamuuliza, wa kwako wewe ulikuwepo wakati anakutengeneza? Foleni nzima ikacheka, hata mlinzi akachungulia.

Nilicheka mapema. Majibu yalirudi kwamba nimesema uongo, nimeandikisha mtu ambaye hayupo, kwa hiyo vyote vimekataliwa, na ujane wangu humo humo. Nikakata rufaa. Mtendaji wa kijiji alinisaidia kuiandika, ikapelekwa juu, na masika ya pili hii nangoja.

Kungoja mimi sifundishwi. Wakati wa vita walisema umekufa, shangazi zako wakaja na wembe waninyoe nywele za msiba. Nikakaa mlangoni na mwiko mkononi, nikawaambia atakayenigusa atamweleza mwenyewe akirudi. Wakaniita kichaa. Ukarudi unachechemea, hata salamu huna, unauliza kama kuna ugali.

Juzi mtendaji amepigiwa simu. Rufaa inaweza kupita, lakini kuna karatasi mpya ya kutia sahihi. Niseme huyo Mwita nilimtaja kwa makosa, hayupo na hajawahi kuwepo, na Robi na watoto hawahusiki na boma lako. Nibaki mimi peke yangu. "Ni kalamu tu, bibi," mtendaji anasema. "Nyumbani mtaendelea na mila zenu."

Na Robi naye anasema nifute. Anataka kwenda kuponda mawe kwenye karasha, na mimi kila siku namwambia ngoja rufaa, kwa sababu nimewaona wanawake wa kule wanavyokoroga zebaki kwa mikono mitupu kama wanakanda unga. Amengoja mpaka gunia la mtama limelegea. Jana tunachambua mboga akasema, "Mama, futa. Mimi najua nilikuja kwa nani." Nikamwambia anyamaze. Halafu nikaja kwako hapo kando ya zizi nikalia kidogo. Usimwambie mtu.

Unakumbuka tulivyompa jina? Ng'ombe wa mahari ya Ghati walikuwa hawajazoea zizi letu. Ndugu zako wanakusukuma uongeze mke wa pili, na wewe ukawajibu huyu mmoja anakutosha kwa makelele. Walipoondoka ukasema hawa ng'ombe tuwatolee mtoto wetu. Nikakuuliza, mtoto gani? Ukasema, "Mwita, kama baba." Ulisema hivyo tu, kama mtu anayemtaja kijana aliyeko machungani. Nikaingia jikoni, nikakaa huko mpaka moto ukazimika.

Siku Robi anakuja ulivaa koti lako la jeshi, na jua lilikuwa kali. Chacha alipozaliwa ukambeba mpaka zizini, ukamwonyesha ng'ombe mmoja mmoja, unamwambia, "Huyu wa babu, huyu wa baba yako." Mtoto hana hata shingo ya kugeuza. Mimi nakufokea umrudishe ndani, upepo, na wewe unaendelea kumhesabia mtoto mali. Sasa hao ndio nitie sahihi kwamba hawahusiki na boma lako?

Sitatia. Kesho napanda gari kwenda Musoma kuwaambia hivyo kwa mdomo wangu. Wakitaka kuninyima waninyime, lakini ikipita itapita na Mwita akiwa ndani. Robi hatakwenda kwenye mawe. Wakikataa nitakwenda mimi, nyundo bado naiweza, na hiyo zebaki ikinikuta itanikuta nimeshaila miaka yangu. Nimemwambia hivyo, akanifokea kweli kweli. Anafoka vizuri siku hizi, ungempenda.

Basi kaa vizuri huko, mzee wangu. Nikija sijui kama tutamkuta huyo kijana anatungoja au patakuwa patupu. Yote ni sawa. Nakuahidi tu kwamba hatakuwepo wa kumwambia mama yake alimkana.

Ni mimi mkeo,
Mama Mwita