Dakika Tatu za Shemeji Bakari

Muscat, baada ya alasiri

Dada Mwanaisha, shikamoo.

Assalaam aleikum. Goti lako linasemaje na mvua hizi? Na jiko, limekwisha kuezekwa makuti mapya? Mimi moyo umechoka. Daktari ameacha kunibadilishia dawa, na binti yangu hulia chumba cha pili akidhani sisikii. Kuja Msambweni sitaweza tena, kwa hiyo naandika jambo nililopaswa kukwambia nimekaa mkekani mbele yako.

Ni habari ya mumeo.

Unajua kwamba siku aliyoanguka na ndege yake ndogo, mimi ndiye niliyekuwa zamu kwenye mnara wa kuongozea ndege. Ndege kubwa ya watalii ilikuwa imetoka kuruka. Mabawa ya ndege kama ile huacha nyuma chamchela mbili, pepo za kuzunguka zisizoonekana, zenye nguvu ya kuipindua ndege ndogo. Ndiyo maana ndogo hungojeshwa dakika tatu. Upepo ukivuma, huzisukuma kando. Upepo ukilala, chamchela hizo hubaki pale pale juu ya njia ya kurukia. Haya nilifundishwa, na mtihani nikafaulu. Lakini mimi ni mtoto wa pwani. Tangu utotoni nilijua kwamba kukitulia ndipo mtu husafiri. Nikatazama nje, minazi haitikisiki hata jani, ndege nyingine zimepanga foleni, na mkuu wangu asubuhi alikuwa amenikemea kwamba mimi ni mzito wa kuruhusu ndege.

Shemeji akaniuliza kwa redio, "Ile kubwa ndiyo kwanza imeondoka. Ningoje?"

Nikamjibu, "Kumetulia, shemeji. Ruka tu."

Aliniamini. Hata kimo cha minazi hakukipita. Ndege ikalala ubavu, ikapinduka.

Kinasa sauti cha mnarani kilikuwa kibovu wiki ile. Wakaguzi waliponihoji, nilisema nilimwamuru angoje, akakataa. Nikatia saini.

Matangani watu walisema haraka ndiyo iliyomponza. Wewe ulisema mara moja tu, kule ndani: "Bakari huyu? Ambaye chai humpoa mkononi?" Wanawake wakakunyamazisha kwa upole. Mimi nilikuwa barazani, nilisikia, nikainamisha kichwa. Kisha nikaja huku, nikawaambia nimepata kazi nzuri.

Wakaguzi wale wamekwisha kufa. Mwanao Hamisi sasa ana umri mkubwa kuliko aliofikia babake, na bado huitwa mtoto wa mwenye pupa. Sioni barua hii itatengeneza nini. Radhi siombi, dada; sijui mtu huanzia wapi kuiomba. Msomee Hamisi, basi.

Nisalimie shangazi yetu wa Kombani aliyetulea, kama bado anatambua majina, na mkwe wako anayekupikia. Jirani yetu mwalimu wa chuo cha Kurani aniombee, ukiona nafaa kuombewa.

Ulisema kweli siku ile, dada. Hakuwa na haraka. Alitaka kungoja.

Mdogo wako,
Omari