Nilificha Uso, Nikaacha Ukili

Jumanne, Rasbura, Lindi. Joto tangu asubuhi, upepo hakuna. Naogopa.

Nimelisema mapema nisije nikajizungusha. Tangu jana sijala kitu, na chai niliyojipikia imepoa mezani.

Kwa asiyenijua: ninatengeneza filamu za hali halisi, mwaka wa tisa huu. Misitu, mikoko, watu wanaoonewa. Safari hii nilikuwa kijiji kimoja cha Kilwa, huko ndani. Si Likawage wala Kikole, msianze kukisia. Magogo yanatoka kwenye msitu wa kijiji bila kibali, na anayejua yanapitia kwa nani ni mama mmoja wa makamo, nitamwita Bi. Somoe. Alikubali kuzungumza kwa sharti moja, asijulikane.

Nikaapa. Nimekaa kwenye mkeka wake, nakula mihogo yake, naapa.

Basi nikafanya kama tunavyofanya sote. Uso sikuupiga. Sauti nikaibadilisha hadi ikawa nzito kama ya mzee mwenye mafua. Kamera nikaielekeza kwenye mikono yake, maana alikuwa akisuka ukili, ule mkanda wa ukindu unaoshonwa kuwa mkeka, na vidole havikusimama hata alipokuwa akitaja majina. Sijawahi kupiga picha nzuri kama ile. Ijumaa nikaweka kionjo cha dakika mbili mtandaoni, nikajipongeza.

Ukili wake ni zambarau, kijani, halafu mstari mweupe unaokatika kila baada ya shubiri. Kijiji kizima hakuna mwingine anayesuka hivyo. Mabinti wanaolewa na mikeka yake, watu wanaswalia juu yake. Na mimi nimelelewa na bibi aliyekuwa akiutupia mkeka jicho moja tu na kusema huu mkono wa fulani. Nilijua. Nikasahau kwa sababu picha ilikuwa nzuri.

Jana Bi. Somoe akapiga simu. Nikamwamkia, akaitikia marahaba kwa utulivu uleule wa siku ya kamera.

"Kuna mgeni alikuja, mwanangu. Kapiga hodi vizuri, kaniamkia, kakaa. Kasema anataka mkeka. Nikamtolea niliyonayo. Kasema hapana, anautaka ule wa kwenye simu."

Hakumtisha wala hakuinua sauti. Alisema atausubiri uishe, atarudi kuuchukua.

Nilikifuta kionjo palepale. Kazi bure, kilishazagaa kwenye magrupu ya wilaya nzima. Nikamwambia nitamtumia gari, aje akae kwangu mpaka mambo yatulie.

"Nihame kwangu kwa kusema kweli?" akauliza. "Wewe ndiye uje. Njoo na kamera yako, tukae barazani mchana kweupe, watu wapite watuone. Sasa hivi wananijua mimi peke yangu. Wakujue na wewe. Na huko unakoandikaga uandike, mimi nishajulikana."

Nikasema inshallah. Ile inshallah ya mtu anayetafuta mlango.

Hapo ndipo ilipo aibu yangu. Mwanzo wa simu ile nilijiambia namwogopea yeye. Aliposema "na wewe", nikajua ninayemwogopea ni nani.

Miaka tisa nawabembeleza watu wakae mbele ya kamera, mimi nikiwa nyuma yake. Hakuna filamu yangu hata moja yenye uso wangu. Hilo nilikuwa nikiliita unyenyekevu, na watu wakinisifia.

Mchana huu ameniletea ujumbe. Hakuuliza kama nakuja. Ameuliza kesho nitakula nini, kisamvu au samaki, ajue cha kuandaa.

Ningeweza kusema naumwa, na nisingekuwa nimedanganya sana. Nikafikiria yule mgeni akirudi, amkute amekaa peke yake anasuka.

Nimeandika: kisamvu, mama. Kisha nimekwenda uani kutapika.