Mwaka Ulioningoja

Auderghem, 4 Mei 2023

Yaya Éliézer, kaka yangu mkubwa,

Salamu nyingi kutoka kwa mdogo wako. Natumaini wewe na mama watoto hamjambo, na mgongo umekuacha kidogo. Huku Ulaya tu wazima. Mvua tu ndiyo haijui kuaga.

Yaya, tumepata kibali. Mimi na Mathilde, mwalimu mwenzangu wa hesabu, tutafungua shule yetu mwisho wa Agosti, kwa watoto walioanguka mitihani na kuchoka kuambiwa hawawezi. Wanaotangulia watawangoja wanaobaki nyuma. Wazo hilo nililitoa kwetu Kadutu. Unakumbuka mwaka wa tano, papa yetu alipowaambia majirani umebaki darasani ili uningoje, nisipande mlima wa shule peke yangu? Tulikaa benchi moja, ukininong'oneza majibu kabla mwalimu hajamaliza kuuliza. Sijawahi kuipenda shule kama mwaka ule.

Sasa ombi. Mtoto wako Michelle, ninayeishi naye, ameanguka tena mitihani ya muhula katika shule yake ya hapa. Niruhusu nimwandikishe kwangu.

Mdogo wako,
Cécile

Bukavu, 29 Mei 2023

Mdogo wangu Cécile,

Salamu zako zimefika. Afya ipo, ila mgongo unalipiza kisasi cha ujana. Hongera kwa shule. Papa angekuwepo angechinja mbuzi na kualika hata maadui zake.

Lakini Michelle, hapana. Nilimtuma kwako Ulaya asome, na kanisa zima linajua hivyo. Leo niseme yuko kwenye shule ya walioshindwa? Wewe ulikuwa wa kwanza kila mwaka, kuanguka unakusikia tu. Mwache pale alipo, aongeze bidii. Tusigombane kwa hili.

Yaya wako,
Éliézer

Auderghem, 11 Juni 2023

Yaya mpenzi,

Nakusalimu, na pole kwa mgongo. Barua yako imeniuma. Wazazi wa huku, wengi wa kwetu Kivu, wananiuliza kwa nini wanipe watoto wao wakati mtoto wa nyumbani kwangu namsomesha kwingine. Lakini hayo ni ya shule. Michelle mwenyewe, tangu matokeo yatoke, anaogopa kupokea simu zako. Jana aliniambia mimi shangazi yake: "Tantine, mi siko mujinga. Ni mwalimu njo anaendaka mbio."

Yaya, siku matokeo ya mwaka wako wa tano yaliposomwa uwanjani, jina lako halikuitwa. Jioni nilikuona nyuma ya jiko ukilia, papa amekushika bega. Nimejua siku zote. Hukuningoja, ulianguka. Majibu uliyoninong'oneza uliyajua kwa sababu ulikuwa unayasoma mara ya pili. Ukiniona wa kwanza, ni kwa mgongo wako.

Papa alikuficha kwa upendo, simlaumu. Wewe usimfiche Michelle.

Mdogo wako,
Cécile

Bukavu, 20 Agosti 2023

Cécile, mdogo wangu,

Salamu. Ukimya wangu usiuchukulie vibaya. Nilikuwa na hasira, kisha haya, kisha nikabaki na hamu ya papa tu.

Jumapili iliyopita, baada ya ibada, maman Mbombo aliniuliza mbele ya watu Michelle amefika wapi na masomo. Unamjua, akisikia neno asubuhi, mchana liko sokoni. Nilikuwa na uongo mzuri tayari. Badala yake nikamwambia, "Anarudia mwaka, maman. Kama papa yake."

Maman Mbombo akanishika mkono, akasema hata wa kwake anarudia.

Mwandikishe. Na umwambie kwamba mwaka wa tano ulikuwa mtamu mara ya pili, kwa sababu nilikaa na wewe.

Yaya wako,
Éliézer