Jina Lako Katika Fomu ya Baba

Quitunda, Jumapili

Kwa mama yangu Haula,
Mtwara

Mama, shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima, na mguu wa bibi umepungua uvimbe. Sisi huku hatujambo, ila mdogo wangu Fauzi ameng'oka meno mawili ya mbele na sasa hataki kucheka mbele ya wageni. Mimi nimemaliza darasa la kumi na mbili, alhamdulillahi. Nashinda nyumbani, napika, napalilia mihogo, nakuwaza. Kwenye simu nashindwa kusema. Wewe unanijua, nikisikia sauti yako maneno yote yananikimbia. Ndiyo maana nimeandika, na barua nampa mjomba Abdulswamad anayevuka mpaka kuja huko kufuata vitenge.

Baba bado anapika kule Afungi, kwenye kambi ya watu wa gesi, ndani ya uzio. Mwezi uliopita walikusanywa wakaambiwa sheria ya kodi imebadilika. Kodi yao hukatwa kabla mshahara haujawafikia mkononi, na jinsi walivyoelezwa, makato hutegemea watu ambao mtu anawalisha nyumbani kwake. Wakipungua, anakatwa zaidi. Sasa kila mfanyakazi ajaze fomu upya, na wanaoandikwa wawe wanaishi naye kweli. Dada Benvinda wa ofisini aliwaonya wasilete majina ya marehemu, maana atawapigia simu makaburini. Watu walicheka, lakini waliogopa.

Mpishi mwenzake baba, Virgílio, akamwuliza mbele ya wote, Shaweji wewe, na yule mke wako wa karatasi utamweka wapi? Baba akamjibu kwamba afadhali mke wake wa karatasi, kuliko wa Virgílio aliye nyumbani na chakula anampikia jirani. Alinisimulia mwenyewe akicheka, lakini chai yake hakuigusa mpaka ikapoa.

Ndivyo nilivyojua, mama. Tangu ulipovuka kwenda kumuuguza bibi, huku mmegombana, miaka miwili na nusu sasa, baba amekuwa akikuandika: mke, Haula, anaishi nyumbani. Wewe ulisema hurudi mpaka aje akuombe mbele ya wazee wako, na ukadhani amekusahau. Yeye kila siku anasema mwezi ujao, kwa sababu hawezi kwenda kwa wakwe mikono mitupu. Na kwa makato haya, huo mwezi ujao unazidi kwenda mbali.

Fomu nilijaza mimi, maana ni ya Kireno na baba husoma herufi za Kiarabu za chuoni tu. Ilikuja na majina ya zamani yamekwisha kupigwa chapa. Kwanza nilijifuta mwenyewe, kwa kuwa nimetimiza miaka kumi na minane na shule nimemaliza. Fauzi akabaki. Tulipofika kwako, baba alisema hawezi kuweka saini juu ya uongo, kazi ikipotea tutakula nini. Akaniambia nikufute. Halafu akasema nipige mstari mwembamba, jina lisomeke. Akainuka, akasema anakwenda kuangalia kuku. Mama, sisi kuku hatuna.

Nisamehe. Mstari sikuupiga. Baba aliporudi aliweka saini pale nilipomwonyesha kwa kidole, bila kutazama juu wala chini. Kwa hiyo huko ofisini kwao wewe unaishi Quitunda, na uongo huu ni wangu, yeye hajui. Dada Benvinda anapokea marekebisho hadi mwisho wa mwezi. Ikifika siku hiyo hujaja, itabidi nimwambie baba, kisha nikufute kwa mkono wangu. Sijui kama nitaweza. Usingoje apate cha kushika mkononi, mama. Njoo wewe, hata wazee wakisema umejirudisha.

Msalimie bibi sana, na wote wanaoniuliza. Fauzi amechora kiganja chake nyuma ya karatasi hii, anataka ukipime na chako.

Ni mimi mwanao,
Mwanaamina