Kaburi la Costancia Halionekani

Kidete, karibu na stesheni,
Kilosa.
Jumanne, 22 Aprili 2025

Mpendwa mdogo wangu Donati,

Marahaba, maana najua umeshaniamkia hata kabla hujafungua bahasha. Hamjambo huko Mikumi? Wifi yangu Lea kifua kimepoa, au bado anakohoa kama trekta? Sisi tunapumua. Shemeji yako Elikana mgongo unamsumbua tangu tulipozoa tope ndani, lakini kulalamika hajaacha, kwa hiyo ujue ni mzima.

Ningekupigia simu, ila nikisikia sauti yako nitalia, na nikilia siongei, na mimi kutoongea unajua ni ugonjwa.

Donati, kaburi la Costancia halionekani. Nimekuficha tangu Februari. Mto Mkondoa ulipopasua tuta ulipita makaburini, ukalaza tope mpaka kiunoni, misalaba ya mbao yote ikaenda. Wewe mjomba mtu unamchomelea mpwa wako msalaba wa chuma, kila wiki unaniuliza vipimo, na mimi nakujibu habari za mahindi. Mahindi yenyewe hayapo, yamelala na tope. Sikuwa na mdomo wa kukuambia kwamba mwanangu, hata mwaka hajatimiza ardhini, nimempoteza mara ya pili.

Kwaresima yote sikuimba. Kwaya wakaniuliza, nikasema koo. Uongo mtupu.

Basi Pasaka alfajiri tukaenda makaburini na mishumaa kama kila mwaka, tunaimba kuwaamsha wetu. Safari hii kila mtu anabahatisha. Huyu anapima kwa miguu, yule anabishana na shemeji yake. Mimi nikahesabu hatua kumi na nne kutoka kwenye mkaratusi, nikapanda ua langu, nikapiga magoti nikalia mpaka kitenge kikalowa. Nikampa Costancia habari zote za kijiji, nani kaolewa, nani kaachwa. Kugeuka, Mama Cleopa kasimama nyuma yangu! Yule ambaye hatusalimiani tangu niseme kwenye mashine ya kusaga kwamba maharage aliyotoa sadaka ya mavuno yamebunguliwa. Na yalikuwa yamebunguliwa kweli, lakini yaishe.

"Mama Costa," akasema, "huyo unayempa umbea ni mume wangu."

"Umejuaje?"

Akazamisha mkono kwenye tope akatoa sahani ya bati ya marehemu Yohana, ile waliyomwekea juu ya kaburi upande wa kichwa siku ya maziko. "Hii hapa. Ingawa hata sahani maji hubeba. Hakika sina."

Nikaanza kung'oa ua langu kwa aibu. Akanishika mkono. "Liache. Tangu afe hajapata mtu wa kumlilia hivyo. Hata mimi sikumlilia hivyo."

Tukacheka, Donati, katikati ya makaburi, mpaka mchungaji akakatisha sala. Halafu kicheko kikageuka kilio. Akasema nimwonyeshe wangu alipo na yeye akamlilie. Nikamwambia sijui. "Basi tutamlilia kote," akasema. Tukalizunguka tope lote lile tumeshikana mikono, miguu inazama, tunaimba. Na mimi nikaimba.

Mchungaji akasoma habari ya wale wanawake waliokwenda kaburini wakakuta mtu wao hayupo. Miaka yote nilidhani ni habari ya furaha tu. Juzi ndipo nimeelewa walianza kwa kushtuka, na mmoja, Mariamu, akabaki analia kwa kutojua kawekwa wapi. Nikasema kumbe nina wenzangu. Bwana aliyefufuka akamwita Mariamu huyo kwa jina lake hangoji mimi nimwonyeshe mwanangu kalala wapi. Sisemi uchungu umeisha. Uchungu upo, na ghala ni tupu. Lakini hilo nimelishika siliachii.

Kwa hiyo usiache kuchomelea. Barabara ya kupitia kijiji cha Ulaya ikipitika, ulete msalaba. Tutausimika pale penye mkaratusi. Na chini ya jina la Costancia chomelea na la Yohana, maana hatujui nani yuko wapi, na Mama Cleopa hana fundi kwao. Nimeshamwahidi bila kukuuliza. Utafanyaje, ndiye dada uliyepewa.

Msalimie sana Lea, na mwanao Nickson mwambie shikamoo yake nimeiitikia. Elikana anawasalimu, yeye na mgongo wake. Bwana aliyefufuka awafunike hapo nyumbani, na mvua awape ya kiasi.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata siku nilizokuficha,
Debora