Mji Niliompambia Mpwa Wangu

Mpendwa mshauri Mama Glenys, naomba msaada na naomba haraka, maana Jumatano mpwa wangu anatia saini kuuza nyumba yake ya Adelaide ili ahamie huku Kurtabie, na huku Kurtabie, mama, hakuna kitu, na mimi ndiye niliyemwambia kipo.

Jina langu usiliandike, ingawa kuanzia hapa mpaka mto Murray hakuna asiyenijua, mimi ndiye niliyewanyoa kondoo mia mbili na arobaini kwa siku moja nikiwa na homa, na ndiye niliyemshika kangaruu mkia akaniburuta kuvuka nyua tatu na sigara mdomoni isizimike, shule niliacha na miaka kumi na nne lakini kwa maneno nimewashinda wengi wenye vyeti, na maneno hayohayo ndiyo yaliyoniponza.

Kila baada ya miaka kumi mji wetu unafanya Siku ya Kurudi, unaijua mwenyewe, kila aliyezaliwa au kusoma hapa anarudi kutoka alikotupwa na maisha, Perth, Melbourne, hata migodini, na mwaka huu mwezi wa nne walikuja watu mia saba. Mpwa wangu Tegan, mtoto wa marehemu dada yangu, akaja kwa mara ya kwanza na mumewe Lachlan na binti yao Maeve wa miaka saba. Wakakuta baa imefurika mpaka watu wanakunywa barabarani, watoto wamejaa uwanjani kama nzige, akina mama wanagombea meza za keki, na mpira timu mbili kamili na wachezaji wa akiba juu yake.

"Mjomba," Tegan akaniuliza, "mbona mama alikuwa anasema huku kumekufa?"

Nami badala ya kumwambia kwamba hawa wote kesho saa sita wanaondoka, nikacheka. "Mama yako alikuwa na wivu tu. Na leo umekuta watu wachache, mwanangu, wengi wako mavunoni."

Mavunoni! Mwezi wa nne, ngano hata haijapandwa! Lachlan, mtoto wa mjini, akaitikia kwa kichwa kama ameelewa.

"Na shule je?"

"Wanaongeza madarasa."

Shule ina watoto watatu, mama, wawili kati yao ni ndugu, na barua imeshakuja kwamba wasipofika wanane kabla ya mwaka mpya, milango inafungwa.

"Na daktari? Maeve ana pumu, na mimi..." Akashika tumbo, wakati ule miezi mitatu.

"Nesi anakaa ng'ambo ya barabara. Nampigia mluzi tu anakuja."

Nesi ni Doreen Pfitzner, na kweli anakaa ng'ambo ya barabara, ana miaka themanini na mmoja na mimi ndiye ninayemtia dawa ya macho. Daktari huja Alhamisi moja kwa mwezi. Hospitali ya kujifungulia iko kilomita mia mbili na kumi.

Jumatatu yake tulibaki watu hamsini na wanane. Niliokota vikombe uwanjani peke yangu mpaka nikachoka kuinama. Mwaka jana tumezika sita na hajazaliwa hata mmoja, jeneza la mwisho tulikosa wa kulibeba tukamwomba dereva wa lori la ngano ashuke atusaidie, na hakumjua hata marehemu. Mimi nina funguo za nyumba kumi na moja za waliohama, kila asubuhi nazunguka kufungua mapazia na jioni kuyafunga, ili anayepita na gari adhani ndani kuna mtu.

Nilipomweleza Doreen aliweka kikombe chini. "We mtoto, umemwita binti wa dada yako na tumbo lile aje hapa?"

"Doreen, akija mmoja na wengine watakuja. Mji huanza hivyohivyo."

"Unaanzisha mji kwa mdomo wako? Basi siku ya kumzika mtu wake usinialike."

Jana Tegan akapiga simu. "Mjomba, Maeve ameshafunga vitu vyake. Anauliza wale marafiki zake wa siku ile bado wapo?"

Nikasema wapo, wanamngoja.

Nikimwambia ukweli hatakuja na hatanisemesha tena, na sina damu nyingine duniani, na nisipomwambia anakuja. Nifanyeje?

Mjomba, Kurtabie

MAMA GLENYS ANAJIBU:

Mjomba, jina lako sijaliandika, ingawa umewataja wengine wote.

Mimi nimekulia mji kama wako. Ukipita leo utaona maghala ya ngano na kibao cha jina la mji, basi. Kwa hiyo hayo mapazia unayofungua nayaelewa kuliko unavyodhani, na nilipofika hapo ilibidi niweke barua chini kidogo. Lakini huruma yangu inaishia mlangoni kwa Tegan. Kumdanganya mtu mzima kuhusu kangaruu ni burudani. Kumdanganya mjamzito kuhusu nesi ni ukatili. Siku kifua cha Maeve kikibana, utampigia mluzi nani? Pumu haingoji Alhamisi ya daktari.

Shule yenu itafungwa. Nasikitika, na sina dawa. Miji inayoisha hivyo iko Japani, iko Italia, iko kote ambako watoto wamekuwa wachache na vijana wamefuata kazi, na serikali zenye wataalamu wengi zinahangaika nayo. Wewe unataka mtoto wa miaka saba aibebe?

Unaogopa kwamba ukisema ukweli hatakuja. Hicho ndicho unachopaswa kukitaka.

Andika kwenye karatasi: shule ina watoto wangapi, daktari huja lini, hospitali iko mbali kiasi gani. Mwite Doreen akae karibu yako. Mpigie Tegan, soma kama ulivyoandika, usiongeze hata neno moja, maana wewe ukiongeza moja utaongeza kumi. Kisha mpe Doreen simu amthibitishie. Tegan akilia, mwache alie. Mumewe akikutukana, pokea. Usijitetee kwa upweke wako; atautambua mwenyewe, siku nyingine, au asiutambue kabisa. Huenda asikusemeshe kwa miaka. Sitakudanganya kwamba hatafanya hivyo, umeshadanganya vya kutosha kwa niaba yetu sote.

Gazeti hili linafika kwenu Jumatatu na gari la posta. Ukimaliza kusoma mstari huu, mwite Doreen.